Rasi ya Mawe, Ubao na Bango: Historia Fupi ya Wimbi la Jeffreys Bay

Nina kovu kwenye kisigino cha mguu wa kushoto, refu kiasi cha kidole kidogo. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliliona nilipokuwa nimevaa kandambili nje ya ofisi, akaniuliza kama nililipata shambani. Nilimjibu kwamba nililipata baharini, katika rasi ya mawe iliyopo Jeffreys Bay, Afrika Kusini, nikijifunza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kwa akili yake, mchezo huo ni wa vijana wa Kizungu wenye nywele zilizochomwa na jua, na mhadhiri wa historia aliyepitisha miaka arobaini hana lake huko.

Kicheko chake kimenikaa kichwani wiki mbili sasa, na ndicho kilichoniketisha niandike. Hakunikera hata kidogo. Kilichonishughulisha ni kwamba picha ile aliyokuwa nayo kichwani haikujitengeneza yenyewe. Ilitengenezwa, kwa sheria, kwa filamu na kwa mabango ya mbao, na miaka yake inajulikana. Nitaisimulia kama nilivyoielewa, nikianzia majini.

Nilikuwa nikisoma shahada ya uzamivu katika jiji la Port Elizabeth, ambalo tangu mwaka 2021 linaitwa rasmi Gqeberha. Jeffreys Bay iko mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kuelekea magharibi. Mimi ni mtoto wa pwani, nimezaliwa nikisikia bahari, lakini bahari ya kwetu ina tabia nyingine. Kwetu mwamba wa matumbawe umesimama mbali na nchi, wimbi la bahari kuu huvunjika huko nje, na linalotufikia ufukweni ni mabaki tu. Ndiyo maana mvuvi wetu hujua zaidi mambo ya maji kujaa na kupwa, bamvua na mikondo, kusi na kaskazi, kuliko mambo ya wimbi lenyewe. Kule Kusini hakuna kizuizi. Dhoruba huzaliwa katika bahari ya baridi kusini ya dunia, husukuma mawimbi kwa siku kadhaa, na mawimbi hayo hufika pwani yakiwa bado na nguvu zake zote, hasa kati ya mwezi Mei na Septemba.

Sasa tazama jinsi rasi inavyofanya kazi. Mawimbi hutoka kusini magharibi. Yakifika Cape St. Francis hukuta nchi imejitokeza, na sehemu ya wimbi iliyo karibu na nchi hupunguza mwendo kwa sababu maji ni kina kifupi, huku sehemu ya nje ikiendelea kwa kasi ileile. Kwa hiyo wimbi hujipinda, kama askari katika gwaride wanaogeuka kona, wa ndani akipiga hatua fupi na wa nje hatua ndefu. Likishajipinda huingia ghuba ya Jeffreys Bay kwa ubavu, na badala ya kuvunjika lote kwa mara moja huvunjika kidogo kidogo kutoka upande mmoja kwenda mwingine, likifuata mstari wa miamba. Aliye juu ya ubao hukimbia mbele ya sehemu inayovunjika, daima akielekea mkono wa kulia. Upepo wa kusini magharibi unaoleta baridi nao hutoka nchi kavu kwenda baharini mahali hapo, ukausimamisha uso wa wimbi na kuulainisha. Sijui maeneo mengi duniani ambapo upepo na wimbi vimepatana namna hiyo.

Jiwe ndilo linalofanya wimbi hili liwe la kutegemewa. Penye mchanga, wimbi huhama kila mchanga unapohama. Penye mwamba, wimbi huvunjika leo palepale lilipovunjika jana. Wenyeji wameigawanya rasi hiyo katika vipande na kila kipande kina jina: Boneyards, Supertubes, Impossibles, Tubes, Point, Albatross. Supertubes ndicho kipande chenye sifa duniani, na ni cha mabingwa. Wimbi lake ni la kasi, na asiyejua huishia juu ya mawe. Lakini ukiteremka na rasi hadi Point, wimbi limekwishajipinda zaidi na kupoteza sehemu ya hasira yake. Ukuta wake ni mrefu lakini si wima sana. Humpa mtu wa kiwango cha kati, yaani aliyekwisha kujua kusimama na kugeuza ubao lakini hajajua kuokoa maisha yake penye hatari, nafasi ya kufikiri. Hapo ndipo nilipopelekwa na rafiki yangu mmoja wa chuoni baada ya miezi kadhaa ya kuanguka kwenye mchanga.

Wimbi halikuwa tatizo. Tatizo la rasi ya mawe ni kuingia na kutoka. Mawe yamefunikwa kome wenye makali kama wembe, na katikati kuna vilango vyembamba ambavyo lazima uvijue. Husimami juu ya jiwe ukasubiri ujasiri. Unahesabu mawimbi, unasubiri kundi kubwa lipite, halafu unajitupa kifudifudi juu ya ubao maji yanapojaa kilangoni. Mimi niliingia vizuri. Nilipata wimbi moja ambalo hadi leo naweza kulisimulia mwanzo hadi mwisho, ila sitamchosha msomaji. Wakati wa kutoka nilisimama mapema mno, maji yakarudi nyuma, nikabaki nimesimama juu ya kome huku wimbi jingine linakuja mgongoni. Kovu ni la hapo.

Mzee mmoja aliyekuwa akivua samaki kwa mshipi juu ya mawe aliweka chini mshipi wake, akanishika mkono, akanivuta. Alikuwa mkazi wa Pellsrus, mtaa ambao chini ya ubaguzi wa rangi ulikuwa wa watu walioitwa na serikali "Coloured". Alinifunga kisigino kwa kitambaa, tukakaa. Akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba alipokuwa kijana alikuwa akifika kwenye mawe yale alfajiri na kuondoka kabla jua halijapanda, kwa sababu wakija wenye mbao zao pangekuwa si pake tena. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anavyosema kwamba zamani basi lilikuwa likipita saa kumi na mbili.

Nilirudi chuoni nikichechemea, na badala ya kusoma nilichopaswa kusoma, nikaanza kusoma habari za ufukwe.

Jambo la kwanza ambalo mtafiti hukutana nalo ni jinsi historia inayosimuliwa kuhusu mahali pale ilivyo fupi. Vitabu vya wageni huanza katikati ya miaka ya 1960, wateleza wa Kizungu kutoka Cape Town walipofika kwenye kijiji hicho cha wavuvi na "kugundua" wimbi. Walianzia Point na Albatross, kwa kuwa mbao za wakati huo zilikuwa ndefu na nzito, na Supertubes ilionekana kuwa na kasi isiyowezekana hadi mbao fupi zilipokuja mwishoni mwa muongo ule. Hayo ni kweli. Lakini kusogea magharibi kidogo katika pwani hiyo hiyo kuna mapango ya Klasies River, ambako wanaakiolojia wamefukua mabaki ya binadamu wa kale na ya vyakula walivyotoa baharini, wakiwemo kome, yenye umri unaozidi miaka 100,000. Malundo ya makombe yaliyoachwa na mababu wa Wakhoikhoi na Wasani yametapakaa katika ukanda huo mzima. Leo Jeffreys Bay imo katika wilaya iliyopewa jina la Sarah Baartman, yule mwanamke wa Kikhoikhoi aliyeoneshwa kama kioja huko London na Paris, na ambaye mabaki yake yalirudishwa kutoka Ufaransa na kuzikwa Hankey, si mbali na hapo, mwaka 2002. Mahali penye watu wa kale kiasi hicho hapawezi kugunduliwa na kijana mwenye ubao.

Hata mchezo wenyewe una historia pana kuliko inavyodhaniwa. Heshima ya kuukuza hadi kuwa sanaa, wenye ibada na vyeo vyake, ni ya watu wa Hawaii na visiwa jirani vya Bahari ya Pasifiki, na hakuna wa kuwanyang'anya. Lakini katika miaka ya 1640 Mjerumani aitwaye Michael Hemmersam aliandika juu ya watoto wa Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, waliofungiwa vipande vya mbao na kutupwa majini wajifunze kuogelea. Na katika miaka ya 1830 Mskoti James Alexander alieleza jinsi wavulana wa Accra walivyoogelea hadi nje na mbao nyepesi matumboni, wakasubiri wimbi, wakarudi nalo. Mwanahistoria Kevin Dawson amezikusanya habari hizi na nyingine nyingi. Mtu mweusi, basi, hakuja kwenye wimbi kama mgeni. Swali la kihistoria ni lini na kwa njia gani alifanywa mgeni.

Jibu moja ni filamu. Mwishoni mwa mwaka 1963 Mmarekani Bruce Brown aliizunguka dunia na vijana wawili wa California, Mike Hynson na Robert August, wakiandama majira ya joto. Filamu yao, The Endless Summer, ilisambazwa kote Marekani mwaka 1966 na imekuwa kama msahafu wa mchezo huo. Walipita Senegal, Ghana na Nigeria. Kule Ghana inaonesha wageni wakiwafundisha wenyeji kitu ambacho, kama tulivyoona, babu zao walikuwa wakikifanya karne mbili kabla ya California kuwa jimbo la Marekani. Kisha wakafika Afrika Kusini, na hapo Cape St. Francis, upande wa pili wa ghuba, wakakuta wimbi ambalo Brown alilisifu kuwa kamilifu.

Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi, nyingine pamoja na wanafunzi. Ufukwe ni mtupu. Vilima vya mchanga, maji ya bluu, vijana wawili. Mtazamaji anaambiwa, bila kuambiwa, kwamba hapa hapana mtu. Ningependa mwanafunzi wangu aweke tarehe juu ya picha hiyo. Kesi ya Rivonia ilifunguliwa Oktoba 1963. Wakati kamera ya Brown inazunguka, Mandela na wenzake walikuwa mahakamani wakikabiliwa na uwezekano wa kunyongwa. Mwaka uliofuata wengi wao walipelekwa Kisiwa cha Robben, ambako baadaye wafungwa walipewa kazi ya kukusanya mwani kwenye maji ya baridi ya bahari ya nchi hiyohiyo. Utupu wa ufukwe haukuwa hali ya asili. Ulikuwa umefanyiwa kazi.

(Kwa faida ya maofisa wa mipango miji wanaosoma ukurasa huu, na najua mpo: wimbi la filamu ile siku hizi huonekana kwa nadra. Nyumba zilijengwa, vilima vya mchanga vikapandwa mimea ili vitulie, na mchanga uliokuwa ukipeperushwa hadi ghubani ukakoma kufika. Sasa ufukwe wa St. Francis Bay unaliwa na bahari na wenye nyumba wanalia. Jeffreys Bay imesalimika kwa sababu sakafu yake ni jiwe.)

Kazi ya kuutupusha ufukwe ilifanywa kwa karatasi. Mwaka 1953 mahakama ya juu ya rufaa ya Afrika Kusini iliamua, katika shauri lililohusu chumba cha kusubiria abiria wa treni, kwamba kutenganisha watu kwa rangi huku huduma zikiwa hazilingani hakukubaliki kisheria. Serikali haikusawazisha huduma. Ilibadili sheria. Mwaka huohuo ilipitisha Sheria ya Kutenga Huduma, na ndani yake ikaandika wazi kwamba huduma zilizotengwa si lazima zilingane. Mwaka 1960 marekebisho yakaifikisha sheria hiyo hadi baharini, ili pasiwe na shaka kwamba mchanga na maji navyo vinaweza kuwa na rangi.

Naomba mtumishi wa umma atulie hapa kidogo. Sheria haikuchomeka mabango yenyewe. Palihitajika halmashauri, kamati ya halmashauri, karani wa kuandika muhtasari, mpima wa kuonesha mpaka unaanzia jiwe lipi, fundi wa kuchonga bango na mhasibu wa kumlipa. Bango mashuhuri lililopigwa picha Durban mwaka 1989 limeandikwa kwa lugha tatu, Kiingereza, Kiafrikana na Kizulu, na linataja kifungu cha 37 cha sheria ndogo za fukwe za Durban. Kifungu cha 37! Maana yake vilikuwepo vingine 36 kabla yake, pengine vya mbwa na takataka na uuzaji wa aiskrimu, na mtu fulani aliketi ofisini, akanywa chai, akavipanga kwa namba. Fukwe zenye maji salama, walinzi wa waogeleaji na nyavu za kuzuia papa zilikuwa za Wazungu. Waliobaki walipewa vipande vya mbali, mara nyingi vyenye mawe na mkondo mbaya. Baada ya vizazi viwili vya mpango huo, watu wakaanza kusema kwamba Waafrika kwa tabia yao hawapendi bahari.

Mchezo wa mawimbi ulikua ndani ya ua huo. Durban ilikuwa na shindano kubwa la kimataifa tangu mwaka 1969, na mwaka 1977 ikamtoa bingwa wa dunia, Shaun Tomson. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alialikwa kwenye shindano la Durban Eddie Aikau, mlinzi wa waogeleaji wa Waimea na mmoja wa wateleza mashujaa kabisa wa Hawaii. Ngozi yake ilikuwa ya kahawia. Hoteli aliyotarajiwa kulala ikamkataa, na familia ya akina Tomson ikamchukua nyumbani kwao. Fikiri jambo hilo: mtu kutoka kwa taifa lililoupa ulimwengu mchezo huu anakosa kitanda katika mji unaoshindania mchezo huo.

Wapo wateleza weusi na machotara waliojifunza katika miaka hiyo, kwa kujificha au kwa kutumia fukwe walizotengewa, na wapo waliojiunga na vyama visivyo vya kibaguzi vilivyosimama na kauli kwamba hapawezi kuwa na mchezo wa kawaida katika jamii isiyo ya kawaida. Glen Thompson, aliyeandika tasnifu yake ya uzamivu Stellenbosch kuhusu historia hii, ameonesha jinsi mgawanyiko huo ulivyoufuata mchezo hadi baharini. Wakati huohuo mashindano ya kulipwa yaliendelea. Mwaka 1984 shindano moja lilifanyika Jeffreys Bay na Mwaustralia Mark Occhilupo akashinda.

Mwaka uliofuata ndipo lilipotokea jambo ambalo wanaharakati wanapenda kulitaja. Tom Carroll, Mwaustralia aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1983 na 1984, alitangaza kwamba hatakwenda tena kushindana Afrika Kusini hadi ubaguzi uondoke. Tom Curren wa Marekani na Martin Potter, aliyekulia Durban, nao wakasusa. Ilikuwa na gharama: alama za mashindano hayo zilihesabiwa kwenye ubingwa, na wenzao wengi walikwenda, wakisema kwamba michezo na siasa havichanganyiki. Curren alitwaa ubingwa hata hivyo. Carroll hakuupata tena.

Nawaheshimu watu hao watatu. Lakini kila ninaposoma jinsi wanavyosifiwa humkumbuka Filbert Bayi. Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, Bayi wetu alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akavunja rekodi ya dunia na kumwacha nyuma mwenyeji John Walker. Dunia nzima ikasubiri wakutane tena Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Mwaka huo timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, ikiwasili siku chache baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi. Nchi za Afrika zikadai New Zealand iondolewe Montreal, haikuondolewa, zaidi ya nchi ishirini zikajitoa, na Tanzania ikiwemo. Bayi alibaki nyumbani. Medali ya dhahabu ya mita 1,500 ilichukuliwa na John Walker wa New Zealand.

Nimewahi kuliweka swali hili kwenye mtihani na majibu yalinifurahisha: kuna tofauti gani kati ya Carroll, aliyechagua, na Bayi, aliyechaguliwa na nchi yake? Mmoja wa wanafunzi aliandika kwamba Carroll alitoa alicho nacho, na Bayi alitolewa. Mwingine akampinga, akasema kuwa mwananchi wa nchi iliyohifadhi Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu mwaka 1963 alikuwa tayari amekwishatoa, kama walivyotoa wakulima wa kusini waliopakana na vita ya Msumbiji. Mimi naelemea upande wa yule wa kwanza, ingawa nilimpa wa pili alama nyingi zaidi. Taifa lilikuwa na haki ya kususa. Lilikuwa pia na deni kwa kijana yule, na sioni kama tulililipa. Filamu za wateleza waliosusa zipo; mtoto wa shule ya msingi hapa kwetu ukimuuliza Bayi alipoteza nini mwaka 1976, atakutazama tu.

Sheria yenyewe ilivunjwa na watu waliotembea kwa miguu. Agosti 1989, katika kampeni ya uasi wa amani, umati ulikwenda kwenye fukwe za Wazungu karibu na Cape Town, Strand na Bloubergstrand, Askofu Mkuu Desmond Tutu akiwa miongoni mwao. Walikwenda na vikapu vya chakula na watoto. Polisi wakawasubiri na mbwa na mijeledi. Novemba mwaka huohuo Rais F. W. de Klerk akatangaza fukwe kuwa wazi kwa wote, na mwaka 1990 Sheria ya Kutenga Huduma ikafutwa. Curren, kama kumbukumbu zinavyoonesha, aliteleza Jeffreys Bay kwa mara ya kwanza mwaka 1992, na wimbi lake la kwanza pale lilinaswa na kamera. Wapenzi wa mchezo bado wanalitazama. Mimi nikilitazama huona pia miaka saba ya kungoja.

Na mzee wangu wa Pellsrus? Nilimuuliza siku ile kama baada ya mwaka 1990 aliingia majini. Alicheka. Akasema alikuwa na miaka arobaini na ushee, hajui kuogelea, na ubao mmoja wakati huo uligharimu zaidi ya alichopata kwa mwezi kwenye mashua za ngisi. "Waliondoa bango," aliniambia, "ila hawakuniletea bahari." Mjukuu wake alikuwa akiteleza, alinionesha kwa kidole: kijana mwembamba mwenye suti ya mpira iliyopasuka begani, amekaa nje kabisa, akisubiri zamu yake pamoja na wengine. Mwaka 2018 Mikey February wa Cape Town aliingia katika ziara kuu ya mabingwa wa dunia, Mwafrika mweusi wa kwanza kufika hapo. Ilikuwa imepita miaka ishirini na minane tangu sheria ifutwe. Yapo mabadiliko ambayo huchukua muda wa mtoto kuzaliwa, kukua na kununuliwa ubao.

Nilidhani somo hili lilikuwa la Kusini. Desemba iliyopita niliwachukua wapwa zangu watatu kwenda kuogelea katika ufukwe niliokulia. Tulipita njia ya miguu niliyoifahamu tangu utotoni, tukakuta ukuta. Tulizunguka kupitia mchanga wakati maji yamekupwa, tukakuta kamba na mlinzi. Alikuwa kijana mpole. Alinisalimu vizuri, "Shikamoo mzee", kisha akasema eneo ni la wageni wa hoteli. Nikamuuliza kama maji nayo ni ya hoteli. Akasema, "Mzee wangu, mimi nimeajiriwa kushika kamba." Mpwa wangu mdogo, mwenye miaka minane, akaniuliza kwa sauti kama tumefanya kosa.

Hatuna kwetu Sheria ya Kutenga Huduma. Tunayo, kinyume chake, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo kifungu chake cha 57 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Nilipima kwa hatua. Ukuta ule ulikuwa hatua ishirini na mbili kutoka alama ya maji kujaa, nami si mtu mfupi.

Januari nilikwenda ofisi ya halmashauri inayohusika kuomba ramani inayoonesha njia za umma za kufika ufukweni. Aliyenihudumia, kumbe, alikuwa mwanafunzi wangu miaka sita iliyopita. "Shikamoo Dokta!" Aliniletea kiti, akauliza habari za chuo. Akatafuta kwenye kabati, akatafuta kwenye kompyuta, akaenda chumba cha pili, akarudi. Ramani ipo, alisema, lakini ni ya zamani, na faili limechukuliwa na bosi wake. Akaniomba namba ya simu ili anipigie likirudi. Nilimwandikia kwenye karatasi, kwa tarakimu kubwa. Sasa ni mwezi wa nne.